Nilifuta Mstari Mmoja, Akafukuzwa Mama Paskazia

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kwa wiki saba nililizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, nikalala kila mahali isipokuwa juu yake.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo, pengine utacheka ukilisikia. Ule mstari nilioufuta kwenye kompyuta ulikuwa na kazi gani? Nilijilaza chali chumbani kwangu Mabatini, natazama mabati, najiuliza. Labda haukuwa na kazi yoyote. Labda mashine ilichanganyikiwa yenyewe, si umeme ulikuwa unakatika kila siku? Labda Mama Paskazia alikosea kabla sijashika mimi. Labda, labda, labda! Kunapambazuka nimeshajisamehe mara tatu na kujihukumu mara nne.

Na jibu lilikuwa ndani ya disketi. Disketi ilikuwa kwenye droo ya ofisi, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Sikuifungua! Nisipojua, nilijiambia, sina hatia.

Nisikilize, ndugu yangu, nikueleze ilivyokuwa.

Mimi nilimaliza chuo kikuu wakati Serikali imeshaacha kutugawia kazi. Kaka zetu walimaliza mtihani wakakuta barua ya kupangiwa kituo inawasubiri. Sisi tulivalishwa joho la kuazima, tukapigwa picha, tukaambiwa kwaheri. Nikarudi kwa wazazi Kisesa, nikakaa miezi kumi nikiandika barua za maombi, kila moja naiandika upya mara sita kwa kuogopa kwamba "heshima" nimeiweka mahali pabaya.

Hatimaye nikapata nafasi kwenye ofisi moja ya uchapaji mjini Mwanza. Tulikuwa na kompyuta mbili, printa moja, na taipureta tatu zilizofunikwa vitambaa kama maiti. Mwenye ofisi tulimwita Mkurugenzi. Zamani alikuwa ofisa utumishi wa shirika la umma, na shirika lilipokufa alirithi desturi zake zote. Desturi aliyoipenda kuliko zote ni hii: anayechapa kazi lazima aweke herufi za kwanza za majina yake chini ya kila ukurasa, upande wa kushoto.

"Kazi isiyo na mwenyewe ni takataka," alikuwa akisema. "Aliyechapa ajulikane."

Mchapaji mkuu alikuwa Mama Paskazia. Jina nimelibadilisha, na herufi zake pia, tuseme zilikuwa PK. Ni mama wa Kagera, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alikuwa amepiga taipureta miaka ishirini na mbili. Kompyuta zilipokuja alikuwa na miaka hamsini, akajifunza peke yake kwa kitabu cha kuazima, anakinakili kwenye daftari jioni.

Ni yeye aliyenifundisha mimi, msomi! Siku ya kwanza nilizunguka nyuma ya meza kutafuta swichi ya kuwashia.

"Wewe mtoto," akaniambia, "hiyo digrii walikufungia kwenye gazeti? Kitufe hicho hapo mbele ya pua yako."

Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni niliweka.

Ni yeye pia aliyenionyesha namna ya kugawa hati ndefu katika sehemu. Alinionyesha ule mstari wa nuktanukta unaotokea kwenye kioo cha kompyuta mahali sehemu moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

"Huu ni mkato," alisema. "Hauchapishwi kwenye karatasi, lakini ndio unaobeba amri za sehemu iliyo juu yake. Namba ziwe za Kirumi au za kawaida, zianze na moja au na mia, amri zote zimekaa humu. Ukiufuta, sehemu ya juu inabaki haina amri, inachukua amri za sehemu ya chini. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Sikuelewa. Nilitikisa kichwa tu. Miaka mitatu ya chuo ilinifundisha kutikisa kichwa vizuri sana.

Basi akaja Mzee Masalu. Alikuwa fundi wa boti kwenye karakana ya umma kando ya ziwa, iliyofungwa na wafanyakazi wote kupunguzwa. Yeye na wenzake arobaini na mmoja waliunda kikundi, wakataka kuomba zabuni ya kuikodi ile karakana. Maana ilitangazwa: atakayeshinda ataichukua, winchi na mashine za mbao zikiwa humohumo. Wale watu walizifunga zile mashine kwa mikono yao wenyewe. Hawakuwa na kazi nyingine wala hawakuijua nyingine.

Mzee Masalu alitusomea masharti kwa kidole, polepole. Kurasa za mwanzo zitiwe namba za Kirumi. Maelezo yaanze na ukurasa wa kwanza. Viambatisho viendeleze namba hizo bila kukatika. Zabuni yenye ukurasa uliopungua haitashughulikiwa.

"Haitashughulikiwa maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake wanaitupa bila kuisoma," Mama Paskazia akamjibu.

"Basi mama, nakuomba, usitupotezee hata mmoja."

Mama alichapa siku nne. Kurasa za mwanzo zikawa i mpaka iv. Maelezo yakaanza na 1 yakaishia 30. Chini kushoto, kila ukurasa, PK. Ilikuwa kazi safi, ukiitazama unatamani kuishika.

Siku moja kabla ya mwisho wa kupokea zabuni alipata msiba kwenye jumuiya yao. Alipokuwa anajifunga kitenge aniachie kazi, akaniambia, "Yamebaki majina ya wanachama na orodha ya vifaa. Viweke mwishoni kama sehemu ya peke yake, namba zianze thelathini na moja. Halafu usiguse kitu! Kesho saa moja asubuhi nitakuja kuchapisha mwenyewe."

Usiguse kitu. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kihaya. Nilisikia.

Niliweka mkato. Nikaandika majina arobaini na mawili, nikaandika na vifaa. Nikaamuru namba zianze 31. Zikaanza 31! Jamani, nilijisikia mtu.

Kisha nikataka kuweka herufi zangu badala ya PK, maana hizo kurasa zilikuwa zangu. Nikaziandika chini ya ukurasa wa 31. Nilipopanda juu kutazama, nikaona herufi zangu zimeenea mpaka ukurasa wa kwanza! Kumbe ile sehemu ya chini ya kurasa ilikuwa imeunganishwa na sehemu zilizotangulia, ukibadilisha huku, na kule kunabadilika. Nikaogopa. Mama akikuta herufi zangu kwenye kazi yake atasema nini mbele ya watu? Nikarudisha PK kote. Nikajiambia, herufi mbili tu, nani atazitazama?

Alasiri ile Mzee Masalu alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, anasubiri kuhakiki majina. Nikamchapishia viambatisho peke yake, nakala tatu, ukurasa wa 31 mpaka wa 38. Akasoma kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Huyu ni marehemu," alisema, "lakini mwache. Mke wake ndiye anayeshika nafasi. Huyu naye mwandike vizuri, anagomba."

Majina yalikuwa sawa. Hapo ndipo Mkurugenzi akatoka ofisini kwake, akaniuliza kwa sauti mbele ya mteja, "Msomi, kwa nini tungoje kesho? Huwezi kuimaliza mwenyewe?"

Ningesema nini? Ningesema mama kanikataza, kama mtoto wa chekechea? Nikasema naweza.

Nikatazama kioo. Kati ya ukurasa wa 30 na wa 31 nikaona ukurasa mtupu, una ule mstari wa nuktanukta tu juu yake. Nikaona ni uchafu. Zabuni safi namna hii iwe na ukurasa mtupu katikati? Nikauweka mshale pale, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Ukurasa mtupu ukatoweka, na mstari ukaenda nao.

Viambatisho nilikuwa navyo tayari, kwa hiyo nikaamuru zichapwe kurasa za mwanzo na maelezo tu. Printa ikaanza kulia. Ilikuwa saa tisa na nusu na mgao wa umeme ulikuwa unaanza saa kumi. Karatasi zilitoka zimelala kifudifudi, moja juu ya nyingine. Nilizikusanya, nikaweka viambatisho nyuma, nikatazama ukurasa wa mwanzo: i. Nikatazama wa mwisho: 38. Mwanzo sawa, mwisho sawa!

Katikati sikutazama. Mama Paskazia alikuwa na tabia ya kulowesha kidole na kuhesabu kila nakala, karatasi kwa karatasi, midomo ikichezacheza. Sisi vijana tulimcheka, tulimwita "karani wa sensa". Mimi sikulowesha kidole. Nilifunga nakala zote tatu, Mzee Masalu akatia sahihi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Huo ndio usomi," Mkurugenzi akasema.

Kesho yake saa moja kamili Mama akaingia. Zabuni ilikuwa imelala kwa Mzee Masalu, na sasa ilikuwa njiani kwenda kupokelewa. Alisimama mlangoni, akanitazama juu ya miwani.

"Ulihesabu kurasa?"

"Nilihesabu, mama."

Uongo mtupu! Na angalia, ingechukua nusu saa tu kumkimbilia yule mzee.

Baada ya wiki tatu Mzee Masalu alirudi. Hakukaa kwenye benchi. Aliweka barua juu ya kaunta na nakala moja ya zabuni juu yake, akasema, "Wametutupa."

Barua ilikuwa ya mistari minne. Kurasa za 1 hadi 30 hazimo. Kurasa za 31 hadi 38 zimejirudia. Zabuni haikushughulikiwa.

Mkurugenzi akaifungua ile nakala. Baada ya iv ilifuata 31. Maelezo yote, yaliyokuwa 1 mpaka 30, yalikuwa yamejiita 31 mpaka 60, kisha vinafuata viambatisho vyangu, tena 31. Hakuna karatasi iliyopotea hata moja! Maneno yote yalikuwamo. Lakini wale wa zabuni walitazama namba tu.

Mkurugenzi akashusha kidole mpaka chini ya ukurasa, upande wa kushoto.

"PK," akasoma. "PK. PK. Mama Paskazia, hizi si herufi zako?"

"Ni zangu. Lakini mimi sikuiacha hivi. Ilianza na moja."

"Msomi, wewe ulifanya nini hapa?"

Ndugu yangu, hapo ndipo mahali penyewe. Mbali na Mama, watu wanne wananitazama: Mkurugenzi, Mzee Masalu na wachapaji wenzetu wawili.

"Mimi niliongeza viambatisho tu," nikasema. "Na vyenyewe namba zake ziko sawa."

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli chafu kama ile.

"Tufungue disketi," Mama akasema. "Tuone."

"Disketi itasema nini?" Mkurugenzi akafoka. "Karatasi imeshasema! Nyie watu wa taipureta mmechoka, mnang'ang'ania mashine msizoziweza. Kuanzia leo huna kazi hapa."

Mama Paskazia alinigeukia mimi. Alingoja, nahesabu hata sasa alingoja kiasi gani, kama mtu anayeshikilia mlango ili mwenzake apite. Sikupita. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaenda kukusanya daftari lake na kikombe chake. Aliomba apewe taipureta moja kuukuu. Mkurugenzi akasema achukue, inamzibia nafasi tu.

Nikapewa kiti chake.

Karakana akapewa mwekezaji wa biashara ya minofu ya samaki, akaigeuza stoo. Winchi aliiuza chuma chakavu. Nilipita pale Jumapili moja nikawaona wazee wa kikundi wamekaa ng'ambo ya geti, wanatazama mashine zao zinavyopakiwa kwenye lori. Hawakuwa wanagombana na mtu. Walikuwa wanatazama tu, na mmoja wao anataja kila kinachopita, "Msumeno mkubwa. Randa. Ile ya kutoboa."

Orodha yangu ya vifaa, ndugu yangu. Niliichapa mimi. Alikuwa anaitaja kwa mpangilio uleule!

Jumatatu iliyofuata, wenzangu walipokwenda kula, nilifungua droo. Disketi iligonga mara mbili kabla ya kuingia. Nikarudisha ule mkato mahali pake, nikaiamuru sehemu ya juu ianze na 1. Ikaanza na 1. Nikaufuta mkato. Namba zikaruka papo hapo: 31. Nikarudia. Nikaufuta. 31. Nilirudia mara tisa, nikitumaini labda mara moja mashine itanionea huruma.

Jumamosi nikapanda kivuko kwenda Kamanga, ambako niliambiwa Mama anakaa kwa mdogo wake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nianze na shikamoo au nianze na kosa? Nipige magoti? Nikipiga magoti hadharani atadhani namdhihaki?

Nilimkuta chini ya upenu wa duka, karibu na wanaposhukia abiria. Taipureta ilikuwa juu ya kreti ya soda. Watu watatu walikuwa wamepanga foleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una kazi ya kuchapa?"

"Hapana, mama, nina..."

"Basi kaa pembeni. Hawa wana kazi."

Nilikaa kwenye jiwe saa nzima. Alipomaliza nikasema yote: mstari, ukurasa mtupu, herufi, kidole nisicholowesha. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua siku ileile. Kosa lile ni moja, na nilikutajia kwa mdomo wangu. Nilikuwa nataka nione kama huko chuoni walikufundisha kusema."

"Nisamehe, mama."

Akachomoa karatasi kwenye taipureta, akaipuliza.

"Wewe kijana una akili ya ajabu. Lawama uliniachia Mwanza, mbele ya watu wanne. Msamaha unakuja kuuchukua Kamanga, peke yako, kwenye jiwe. Nenda ukaseme palepale uliponyamaza. Na ujue, hata ukisema, mimi sirudi. Haya, sogea, unazuia wateja."

Nilirudi na kivuko kilekile.

Nyie wenzangu mliotoka vyuoni, mnaotikisa vichwa! Mnasema mmeelewa kwa sababu anayewafundisha hana cheti. Ulizeni! Aibu ya kuuliza inapita kabla chai haijapoa. Hii yangu ninaamka nayo. Na mkishakosea, msingoje kujua kama mmekosea kwa asilimia ngapi. Mimi nilipima, nikapima, na wakati napima mwanamke alifungasha kikombe chake na watu arobaini na wawili wakatazama lori likiondoka.

Jumatatu nilimwomba Mzee Masalu aje ofisini. Akakaa kwenye benchi. Mbele yake, mbele ya Mkurugenzi na wenzangu, nikawasha kompyuta nikawaonyesha. Nikaweka mkato, 1. Nikaufuta, 31. Nikasema, "Nilifanya mimi. Mama Paskazia alinikataza kugusa. Nilisema nimehesabu, sikuhesabu."

Mkurugenzi alicheka kwanza. Kisha akasema, "Unataka nimwandikie barua ya kumsafisha? Nikiri kwamba ofisi yangu ilimtupa mteja? Kwa ajili ya tarakimu? Kaa chini ufanye kazi, mambo hayo yamepita."

Mzee Masalu hakucheka.

"Mimi nilikuwa hapa," akasema taratibu. "Nilikuona unafuta. Nilidhani unajua."

Alichukua kofia yake akatoka, nami sikuthubutu kumfuata.

Basi nikakaa chini, kama nilivyoamriwa. Sikufanya kazi ya ofisi. Niliandika barua: nilichofuta, nilichodanganya, aliyebeba lawama yangu. Ukurasa wa kwanza wa barua na ukurasa wa pili wa maelezo nilizitenganisha kwa mkato. Nikaenda kwenye sehemu ya chini ya ukurasa, nikakata ule muunganiko na sehemu iliyotangulia, ili kilicho changu kisimwangukie mwingine. Kushoto nikaweka herufi zangu mbili, ambazo hapa sizitaji, lakini kwenye ile barua zipo. Nikachapisha nakala tatu. Nikalowesha kidole, nikahesabu: moja, mbili. Moja, mbili. Moja, mbili.

Nakala moja nikaiacha juu ya meza ya Mkurugenzi pamoja na ufunguo wa droo. Moja nikaipeleka kwa Mzee Masalu, mke wake akaipokea mlangoni bila kunikaribisha. Ya tatu nikavuka nayo kwenda Kamanga, nikaiweka juu ya kreti, kando ya taipureta, nikarudi nyuma hatua mbili ili nisizuie wateja.